Kabati limefika limepasuka: je, nimalizie malipo?

SWALI: Nilimwagiza seremala anitengenezee kabati la mninga kwa shilingi 1,200,000, nikatanguliza 800,000. Limeletwa kwa guta, mlango mmoja umepasuka kuanzia bawaba ya juu hadi chini. Anadai 400,000 zilizobaki, nami sitaki kumpa hata senti. Je, nina haki?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, haki unayo, ila si ya kumnyima zote, kwa kuwa mlango mmoja si kabati zima. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyatambua hata makubaliano ya mdomo, na fidia yake hulingana na hasara iliyopatikana. Jambo zito hapa ni nani aliyekodi guta: kama ni yeye, ni vigumu kwake kujivua lawama, kama ni wewe, hoja yako inadhoofika. Upige picha ufa huo kabla hajauziba kwa gundi na unga wa mbao (mafundi wetu ni hodari wa kuficha), kisha seremala mwingine akadirie kwa maandishi gharama ya mlango mpya, nawe upendekeze kiasi hicho kikatwe katika deni. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii, na si lazima uwe na wakili.