Anza na ngazi moja tu

Umeuliza uanzie wapi kuandikia wiki mafunzo ya kutengeneza ramani za Doom, ule mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa bunduki. Usianze na mwongozo mzima, ndugu yangu. Chukua somo la ngazi za kupandia tu. Mchezaji hupanda kidato kisichozidi kimo cha uniti 24, yaani vipimo vya ndani ya mchezo. Kikifika 25 anagota hapo, hata ramani iwe nzuri namna gani. Eleza hilo, weka picha ya vidato hivyo viwili vikiwa bega kwa bega, pamoja na ramani ndogo ya kujaribia. Picha uzipunguze, maana wengi wetu hapa Nairobi tunasoma kwa data ya simu. Rasimu ikae kwanza kwenye ukurasa wako wa majaribio. Ukigusa kazi ya mwenzako, andika ulichobadilisha na kwa nini. Ukimaliza niite, nitaipitia kwa furaha.