Usipunguze upepo wa tairi kwa kuogopa joto, na usome mwaka wa tairi kabla ya kutazama kashata

Ndugu yetu ameuliza kama ni kweli kwamba hapa Maskati, kiangazi kikianza, inafaa kupunguza upepo ili matairi yasipasuke kwa joto, na kama matairi ya gari alilonunua yatamfikisha Salalah, kusini mwa Oman, kwa kuwa kashata zake, yaani mpira wenye michoro unaogusa barabara, bado ni nene. Namwomba asome haya kabla hajaondoka.

Ushauri wa kupunguza upepo niliufuata mwenyewe nilipohamia huku kutoka Tanga, na ni kosa. Joto linaloua tairi halitoki kwenye lami peke yake. Sehemu kubwa huzaliwa ndani ya tairi lenyewe, kwa sababu kila linapozunguka ubavu wake hukunjika na kunyooka, na upepo ukiwa mdogo hukunjika zaidi. Anayetoa upepo anaongeza joto lile lile analolikimbia.

Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari langu kinataka psi 33 (psi ni kipimo cha upepo), nacho husemea tairi lililopoa, yaani gari limelala usiku kucha au limesimama kivulini kwa muda wa saa tatu au zaidi. Upepo hupanda kwa takriban psi moja na nusu kila joto la tairi linapoongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo nikipima njiani mchana huona 38, na hapo ndipo wengi huogopa na kuutoa. Ukiushusha hadi 33 tairi likiwa la moto, kesho alfajiri utakuta 28 hivi. Mimi hupima kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, kwa geji yangu mwenyewe, kwani za vituo vya mafuta nimeziona zikipishana sana. Kuhusu kujaza naitrojeni badala ya hewa, hewa ya kawaida tayari ina naitrojeni asilimia 78; anayepima kila wiki hana haja ya kuilipia.

Sasa habari ya kashata. Julai 2022 tulikuwa tunakwenda Salalah msimu wa mvua zao, safari ya karibu kilomita 1,000 ambayo ukishapita mji wa Adam ni jangwa tupu hadi mji wa Haima. Tairi la nyuma kushoto likaanza kutetema, kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo, kisha ukatokea mshindo. Nilishika usukani kwa nguvu, sikukanyaga breki, nikaliacha gari lipungue mwendo lenyewe hadi pembeni. Niliposhuka nilikuta mpira wa juu umebanduka wote kama ganda la muwa, nyuzi za chuma zimechomoza, na ukanda mmoja umevunja madigadi. Watoto walikuwa wanalia ndani. Niliokota kipande cha mpira ule, na kashata zake zilikuwa nene kabisa.

Matairi yale niliuziwa dukani kama mapya, mwaka mmoja tu kabla. Tarakimu nne zinazomaliza mstari ulioanza na herufi DOT zilikuwa 2315, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015, nami sikuwa nimezisoma. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande wa ndani wa tairi, kwa hiyo itakubidi uiname chini ya gari na tochi. Tangu siku ile sinunui tairi lililozidi mwaka mmoja tangu litengenezwe, na likitimiza miaka mitano nalitoa hata kama linang'aa.

Unapochagua, fuata saizi ya kibandiko, wala usishuke chini ya namba ya uzito iliyoandikwa hapo: 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja. Kisha tafuta ubavuni herufi ya uwezo wa kuhimili joto, ambayo huwa A, B au C. Kwa nchi hii chukua A.

Ukipenda kuingia mchangani, huko kupunguza upepo ni lazima, lakini beba pampu ujaze kabla magurudumu hayajarudi kwenye lami. Na lile tairi la akiba ulilorithi pamoja na gari, lisome mwaka wake pia, kwani linazeeka hata kama halijawahi kugusa barabara. Langu siku ile lilikuwa la mwaka 2019, na ndilo lililotufikisha Haima.