Lamu mwezi wa tano: pesa ya bahari hulipwa gatini

Usitume. Kama bado hujaweka namba ya siri ya M-Pesa, laza simu chini usome kwanza.

Kwa waliochelewa kuingia: mwenzetu anatoka Nairobi na mke na watoto wawili, wiki ya tatu ya Mei, siku saba. Kapata nyumba Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kwa nusu bei, na juu yake "ofa" ya siku tatu kwenda kisiwa cha Kiwayu kwa jahazi, yote ilipwe leo kabla ya saa 12 jioni. Anauliza apande basi au ndege, wavae nini, mbu wakoje, na wale wapi. Ndugu yangu, swali lako ni moja tu na hukuliuliza: kwa nini wanaitaka pesa leo?

Jibu liko kwenye upepo. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Lamu, na kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, umeshashika. Pwani ile imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Kiwayu iko huko juu, ukishakipita kisiwa cha Pate. Kwenda, upepo uko tezi, yaani nyuma ya chombo. Jahazi linateleza, watoto wanacheka, mnapiga picha. Kurudi, upepo ule ule uko omo, yaani mbele. Hapo chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja, kinabisha: kinakata upande huu, kinageuza, kinakata upande ule, na kila kugeuza ni kuhamisha foromali, ule mti unaoshika tanga, na tanga lake lote huku wimbi linagonga ubavu. Maili kumi za ramani zinakuwa ishirini za maji. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nadhani na wao waliuziwa ofa, maana ngamani, chini kabisa ya chombo, ndiko utakakokaa na upo, kile chombo cha kutekea, mkononi ukifua maji.

Dalali atakwambia, "Tuna mashine." Ndiyo, ipo. Injini ya nyuma ya nguvu za farasi 15 ikikazwa hunywa kama lita 5 hadi 6 kwa saa, na jahazi zito linalosukumwa dhidi ya kusi linatambaa. Saa nane za kurudi ni lita 40 na ushei, na petroli ya visiwani ina bei ya visiwani. Nani analipa? Mimi niliwahi kuuziwa ofa kama hii, na karatasi yangu ninayo mpaka leo. Juu, kwa herufi kubwa: "Siku 3, chakula na mafuta ndani." Chini kabisa, kwa wino uliofifia: "Siku za ziada kwa sababu ya hali ya hewa ni juu ya mteja." Siku za ziada! Mwezi wa tano siku ya ziada si bahati mbaya, iko ndani ya hesabu tangu mwanzo, ila hesabu hiyo anaijua mmoja tu. Na zikishafika siku tano badala ya tatu, unalipia chakula cha mabaharia, maji ya kunywa (weka lita 4 au 5 kwa kila mtu kwa siku), mafuta, tiketi ya ndege iliyokupita Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, na nyumba ya Shela ambayo wakati wote huo wamelala paka.

Nahodha wa kweli atakueleza haya mwenyewe kabla hujamuuliza. Dalali hakuelezi kwa sababu yeye hapandi. Na zile picha anazokutumia, bahari kama kioo na tanga jeupe, ni za kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, Januari au Februari. Muombe ya Mei iliyopita uone atakavyokuwa na shughuli nyingi ghafla.

Kitu cha pili ambacho hakimo kwenye ofa ni maji. Njia ya ndani ya kwenda Pate na Kiwayu inapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, chombo kizito hakipiti, mtakaa juu ya tope mkihesabu mikoko. Njia nyingine ni kutokea mlango wa Shela, bahari kuu. Pale, maji yakiwa yanatoka na kusi inaingia, vinapambana mlangoni na wimbi linasimama wima, fupi fupi, lile la kumtapisha hata mvuvi. Na watoto wawili? Hapana.

Sasa shika hii. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida: hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku tano au sita baada ya mwezi mpevu yanajaa saa 2 au saa 3 asubuhi, na hizo ndizo asubuhi za kwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, maana kile kijito cha mikokoni hakiingiliki bila maji kujaa. Aliyekupangia Takwa saa 4 asubuhi siku ya bamvua amekupangia matembezi ya tope. Upepo nao hupanda kadiri jua linavyopanda, basi safari yoyote ya mashua ianze mapema.

Kanuni ni hii, iandike ukutani: pesa ya bahari hulipwa gatini, asubuhi ya siku hiyo, kwa mwenye chombo, ukiwa umekiona chombo. Akitaka arbuni, mpe ya mafuta tu, na ampe kijana dumu akanunue, mbele ya macho yako. Hesabu maboya ya kujiokolea kabla ya kupanda, na ya watoto yawe ya watoto, si la mtu mzima lililofungwa kamba mara mbili. Mei vyombo vingi vimekaa bure, hutakosa nahodha. Anayekwambia nafasi zinaisha anakudanganya mchana kweupe.

Ukitaka bahari bila roho mkononi, baki maji ya ndani: Matondoni kuwaona mafundi wanavyounda vyombo, au Kipungani kwa njia ya mikoko nyuma ya kisiwa. Kule kuchovya macho chini ya maji Manda Toto, kisiwa kidogo karibu na Manda, sahau, maji ni ya chai ya maziwa msimu huu.

Nyumba pia, kanuni ile ile. Lipa usiku mmoja, lala, asubuhi uamue. Nusu bei ya Mei si zawadi, baadhi ya hoteli za Shela hufunga kabisa masika na mwenye nyumba anajua. Uliza paa la juu ni makuti ya lini, na umwombe video iliyopigwa mvua ikinyesha. Dari la boriti na chokaa linapendeza mpaka litakapokudondokea kitandani. Na uliza usiku wa kukatika umeme kuna nini. Kutoka Shela hadi mjini ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni, na maji yakijaa sehemu zake zinalowa, basi weka na nauli ya boti kwenye hesabu.

Basi au ndege: ndege, hata ikichelewa. Barabara ya kutoka Malindi inapita Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na mto Tana ukifurika kipande cha kuanzia Garsen ndicho cha kwanza kuzama. Lami ni nzuri, lakini lami haielei. Ukiamua basi, piga simu uulize asubuhi hiyo hiyo, si jana yake. Kama mnarudi kwa ndege, acha siku mbili nzima kati ya safari ya bahari na tiketi.

Nguo... malapa yenye meno basi, maana mvua ikipiga, vichochoro vya mjini vinateremsha maji na mavi ya punda pamoja. Mengine wataongeza wenyeji. Ila huyo mtu wako akikupigia tena kabla ya saa 12, muulize kitu kimoja tu: leo mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame? Asipojua, hajui maji yanajaa saa ngapi, na hana chombo.