Maswali ya Wasomaji: Upinde wa Bustanini, Dimbwi la Barabarani

Swali: Nilitaka kuwaonyesha wanangu upinde wa mvua kwa mpira wa kumwagilia bustani. Saa saba mchana, jua kali, maji tele, lakini hatukuona rangi hata moja. Tulikosea wapi?

Jibu: Bila shaka mlirusha maji juu, na saa hiyo upinde uko miguuni. Mwale wa jua ukiingia kwenye tone hupinda, ukagonga upande wa nyuma na kuakisiwa, kisha ukapinda tena ukitoka. Mwekundu hurudi kwa wingi kwenye nyuzi 42 hivi, urujuani kwenye nyuzi 40 na ushei. Pembe hizo hupimwa kuanzia kivuli cha kichwa chako mwenyewe, ndiyo maana hakuna watu wawili wanaoona upinde mmoja.

Basi lipe jua mgongo, utafute kivuli cha kichwa. Nyosha mkono na utanue vidole: shubiri moja, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Hesabu shubiri mbili kutoka kwenye kivuli. Hapo ndipo pa kunyunyizia. Jua likiwa utosini, shubiri hizo mbili zinaangukia ardhini, mita moja na robo au zaidi kidogo kutoka uliposimama. Nyunyiza chini, kati ya macho na majani, nanyi mtauona mchana huohuo. Wa kupaa angani usubiri jua lishuke chini ya nyuzi 42, yaani asubuhi au jioni.

Kichwa cha mpira kirekebishe kitoe rasharasha. Maji yakitoka kwa mkondo mnene hakuna matone ya duara, na bila duara hakuna upinde. Yakiwa laini mno kama ukungu, matone yasiyofika sehemu ya kumi ya milimita, rangi zinapandana na unapata upinde mweupe. Nyuma ya maji pawe na kitu cheusi, mti wenye kivuli kwa mfano. Ukuta mweupe humeza rangi zote. Vua pia miwani ya jua ile ya kukata mng'ao. Mwanga wa upinde hutetema zaidi kwa uelekeo mmoja, hivyo miwani hiyo hufuta kilele cha upinde na kuacha miguu yake, mtu akadhani maji ndiyo mabaya.

Watoto watafurahia jambo moja zaidi. Sogeeni karibu kabisa na rasharasha: mtaona pinde mbili zinazokatizana. Fumba jicho moja, mmoja unatoweka. Kila jicho lina wake.

Swali: Baada ya mvua niliona upinde wa pili juu ya ule wa kwanza, rangi zake zimegeuka. Na mbona anga katikati yake ilikuwa nyeusi?

Jibu: Upinde wa pili hutokana na mwanga ulioakisiwa mara mbili ndani ya tone. Hutoka kwenye nyuzi 51 hadi 54, mwekundu ukiwa ndani, na huwa hafifu kwa kuwa kila mwakisiko unapoteza mwanga. Kuhusu weusi: mwakisiko mmoja hurudisha mwanga ndani ya nyuzi 42 tu, miwili huurudisha nje ya nyuzi 51. Katikati hakuna tone linalokutumia chochote. Ukanda huo huitwa kwa jina la Alexander wa Aphrodisias, Mgiriki aliyeueleza yapata mwaka 200. Hesabu ya pembe zenyewe aliichapisha René Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1637.

Swali: Maji ninayoyaona mbele kwenye lami wakati wa joto ni macho yangu kunidanganya?

Jibu: Hapana, hata kamera huyanasa. Hayo ni mazigazi, na "maji" hayo ni kipande cha anga. Hewa iliyogusa lami ina joto zaidi na ni nyepesi kuliko ya juu yake, kwa hiyo mwale unaoteremka kutoka angani hupindwa taratibu kwenda juu hadi jichoni. Kupinda huko ni kudogo sana. Lazima uitazame lami kwa pembe ya karibu nusu ya nyuzi 1, na kwa macho yaliyo mita 1.5 juu hiyo ni umbali wa mita 170 hivi. Ukisogea, dimbwi hilo nalo linasogea. Chuchumaa mpaka macho yawe nusu mita kutoka chini (pembeni mwa barabara, tafadhali), dimbwi litakuja hadi kama mita 60.

Swali: Duara kubwa kuzunguka mwezi ni dalili ya mvua?

Jibu: Ni dalili ya barafu. Mawingu membamba ya juu sana yana chembe za barafu zenye pande sita, nazo hupinda mwanga kwa nyuzi 22: shubiri moja kutoka kwenye mwezi. Mawingu hayo mara nyingine hutangulia mvua, mara nyingine hupita zake. Usilichanganye na duara dogo la rangirangi linaloukumbatia mwezi, ambalo ni kazi ya matone ya maji. Tazama wekundu: kwenye duara kubwa uko ndani, kwenye dogo uko nje.