Nimepunguza chumvi, lakini viungo vya kiwandani bado naviweka: je, ninakosea?

Swali: Ndugu mtaalamu, mume wangu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu miezi minne iliyopita, na daktari akatuagiza tupunguze chumvi. Tangu siku hiyo natia nusu kijiko cha chai tu katika sufuria ya mchuzi wa watu wanne, na ili chakula kisiwe chapwe naongeza vipande viwili vya kiungo cha supu, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi. Dawa anameza bila kukosa, lakini kipimo cha wiki iliyopita kilisoma 152 kwa 96. Jirani yangu anasema viungo hivi vina kemikali inayoleta saratani na kwamba ni heri nirudie chumvi ya kawaida. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kutaja vipimo unavyotumia jikoni, kwa kuwa bila hivyo ningebaki kukupa maneno ya jumla tu. Chukua kipande kimoja cha kiungo chako, kigeuze, usome orodha ya viambato iliyoandikwa kwenye karatasi au kwenye boksi lake. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika bidhaa nyingi za aina hii jina la kwanza kabisa ni chumvi, ambayo mara nyingi huchukua karibu nusu ya uzito wote au hata zaidi. Ikiwa kipande chako kina uzito wa gramu 10, basi ndani yake mna takriban gramu 5 za chumvi, na vipande viwili vinaingiza gramu 10 katika sufuria. Nusu kijiko cha chai unachopima kwa uangalifu mkubwa hakizidi sana gramu 2.5. Chumvi unayoitia bila kuiona, kwa hiyo, ni mara nne ya ile unayoihesabu.

Tuigawe sasa kwa walaji. Gramu 12.5 kwa watu wanne ni zaidi kidogo ya gramu 3 kwa kila mmoja katika mlo mmoja, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate, nyama za kusindikwa, vitafunio vya pakiti na sosi za chupa. Unaona, basi, kwamba hujakosea kwa uzembe, bali hesabu yako ilianzia kwenye kijiko ikaishia hapo hapo. Nimekutana na kosa hili mara nyingi katika kazi yangu, na linaniuma, kwa sababu huwapata hasa wale wanaojitahidi.

Baadhi ya bidhaa hazitaji chumvi katika jedwali la virutubishi bali hutaja sodiamu. Chumvi ni asilimia 40 sodiamu, na iliyobaki ni kloridi, hivyo zidisha kiasi cha sodiamu kwa 2.5 upate kiasi cha chumvi. Kiungo kilichoandikwa kuwa na gramu 20 za sodiamu katika kila gramu 100 kina gramu 50 za chumvi, yaani nusu kwa nusu.

Sodiamu inaidhuru vipi mishipa? Mwili haukubali kiwango cha sodiamu katika damu kiongezeke ovyo, na inapozidi huzuia maji yasitoke na huamsha kiu ili yaongezeke, hadi figo zitakapopata muda wa kuitoa kwa njia ya mkojo. Maji hayo yanapoongeza ujazo wa damu, moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi katika mishipa ile ile, na hali hiyo ikirudiwa siku baada ya siku kwa miaka, kuta za mishipa hukakamaa, misuli ya moyo hunenepa, na vichujio vidogo vya figo huanza kuharibika, jambo ambalo hupunguza tena uwezo wa figo wa kuitoa sodiamu. Huko mbele ndiko kunakotokea kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na ugonjwa sugu wa figo. Kwa miaka mingi mgonjwa anaweza asihisi chochote, ndiyo maana kukosa maumivu si ushahidi kwamba presha imeshuka.

Kuhusu maneno ya jirani yako, kemikali inayosemwa sana ni monosodiamu glutamati, kikoleza ladha ambacho kwenye boksi huweza kuandikwa E621. Mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitambua ladha yake mwaka 1908 alipokuwa akichunguza mwani wa kupikia supu. Glutamati hiyo hiyo imo kiasili katika nyanya zilizoiva, uyoga, jibini iliyokomaa, na hata katika maziwa ya mama. Hakuna ushahidi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2017 kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na wapo watu wachache wanaoumwa kichwa au kuhisi joto usoni wanapoitumia kwa wingi bila chakula. Mwenye kuyahisi hayo aiache tu. Siitetei bidhaa yoyote hapa. Ninachokihofia ni kwamba woga wa glutamati unawafanya watu warudie chumvi tupu kwa kiasi kile kile wakidhani wamepona hatari, wakati glutamati ina sodiamu asilimia 12 tu, na chumvi, kama nilivyosema, asilimia 40. Hata kwa upande wa saratani, vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi ndivyo vilivyohusishwa na saratani ya tumbo.

Kwa hiyo usitie vyote viwili katika sufuria moja. Ukitia kipande kimoja cha gramu 10 bila chumvi yoyote, kila mlaji atapata gramu 1.25 hivi badala ya zaidi ya 3, na baada ya wiki mbili au tatu unaweza kushuka hadi nusu kipande, kwa kuwa ulimi huzoea taratibu, na chakula kilichoonekana chapwe mwanzoni huanza kuonekana cha kawaida. Ladha itafute mahali pengine: kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vigeuke rangi ya kahawia, acha nyanya ziive mpaka zikaukie, usibanie kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, na kamulia limau unapoepua, kwani uchachu huufanya ulimi uihisi chumvi kidogo kana kwamba ni nyingi. Ukichagua chumvi badala ya kiungo, iwe yenye madini joto, maana kupunguza chumvi hakupaswi kumletea mtu tezi la shingo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiongezewe chumvi wala kiungo hicho. Mtengee chakula chake kabla hujaunga.

Huenda ukashauriwa kununua chumvi mbadala, ambayo sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. Ina manufaa ya kweli: katika utafiti uliofanyika vijijini China na kutangazwa mwaka 2021, ukihusisha watu karibu 21,000, waliotumia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa kama losatani, enalaprili au spironolaktoni, anaweza kurundika potasiamu katika damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Usimpe mumeo kabla daktari wake hajaangalia dawa anazotumia na hali ya figo zake.

Dawa asiziache wala asizipunguze kwa sababu chakula kimebadilika. Kipimo cha 152 kwa 96 baada ya miezi minne ya matibabu kinastahili kupelekwa kwa daktari wiki hii, kwani pengine dozi nayo inahitaji kubadilishwa. Kama mna mashine nyumbani, apime asubuhi na jioni akiwa ametulia kwenye kiti kwa dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, na namba zote ziandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Mnapokwenda, chukueni daftari hilo, dawa zote, na lile boksi la viungo, ili daktari ajue kwamba katika miezi hii minne mumeo hakuwa amepunguza chumvi kwa kiasi mlichodhani.