Fedha kidogo, mnyama mmoja: je, wengine watapona?

Umeuliza kama uelekeze fedha zote za uhifadhi kwa mnyama mmoja mkubwa, ili viumbe wengine wanufaike joto linapoongezeka. Inawezekana, ila usimchague kwa umaarufu.

Nchini China, hifadhi za panda, yule dubu mweusi na mweupe, zimewasaidia viumbe wengi wa msituni, lakini chui na mbwa mwitu wametoweka katika nyingi kati ya hizo. Sababu mojawapo ni eneo: makazi ya panda mmoja kwa kawaida hayazidi kilomita za mraba 15, chui huweza kuhitaji zaidi ya 100.

Kwa hiyo anza na ramani mbili: anakoishi mnyama wako sasa, na anakotarajiwa kuishi tabianchi ikibadilika. Zilinganishe na za viumbe wengine. Zisipoingiliana, hao hawana ulinzi.

Wengi hukosea kwenye ushoroba, yaani njia ya viumbe kupita kutoka makazi moja hadi mengine. Joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo viumbe husogea juu, lakini si kwa mwendo mmoja. Ndege huruka, mti husubiri mbegu yake isafirishwe, chura hufuata maji. Ushoroba utoke bondeni hadi mlimani, usikatwe na uzio wala barabara. Ukizunguka mlima kwa kimo kilekile, haumfikishi yeyote kwenye baridi.

Ongeza spishi ya pili inayotegemea maji. Kila mwaka hesabu katika vituo vilevile, msimu uleule, hata wale usiowalenga. Mnyama wako akiongezeka huku vyura wakipungua, hamishia sehemu ya fedha kwenye chemchemi mapema.