Kilele cha risasi kinapodidimia kwenye sampuli ya mchicha

Swali: Habari za kazi. Tunapima metali za sumu, risasi na kadimiamu, kwenye mchicha kwa elektrodi za kaboni za kuchapishwa zenye utando wa bismuthi. Gramu 5 za mchicha tunazichemsha kwa asidi ya nitriki, tunajaza maji hadi mililita 25, kisha mililita 2 zake tunachanganya na mililita 8 za bafa ya asetati (mmumunyo wa kushikilia pH) ya 0.1 M, pH 4.5. Kwenye mmumunyo sanifu (wenye kiasi cha metali kinachojulikana) vilele, yaani miinuko ya mkondo wa umeme metali zinapoyeyuka kutoka kwenye elektrodi, vinatoka safi: kadimiamu karibu na −0.8 V, risasi karibu na −0.55 V. Kwenye mchicha, kilele cha risasi kinabaki theluthi na kinasogea. Je, elektrodi zimeharibika?

Jibu: Nzuri. Kama mmumunyo sanifu bado unasomeka vizuri, elektrodi ni nzima. Tatizo limo kwenye sampuli, na la kwanza kushuku ni pH.

Pigeni hesabu. Ikiwa mlibakiza mililita 1 ya asidi kali kabla ya kujaza maji, mililita 2 mnazochukua zina takriban milimoli 1.1 za asidi. Mililita 8 za bafa yenu zinaweza kumeza kama milimoli 0.3 tu. Bafa imeshazidiwa kabla hamjawasha mashine. Mkishusha volteji hadi −1.2 V, haidrojeni inatoka, mapovu yanafunika elektrodi na metali hazijikusanyi. Chukueni mililita 6 za bafa na 2 za sampuli, dondosheni hidroksidi ya sodiamu mkipima pH hadi ifike 4.5, ndipo mjaze hadi 10. Hidroksidi iwe safi sana, maana ya kawaida inaweza kuja na risasi yake.

Pili, mabaki ya mmea. Mmumunyo ukiwa bado wa njano, vitu hivyo hung'ang'ania kaboni na kuziba njia. Acheni upoe, ongezeni peroksidi ya haidrojeni ya 30% kidogo kidogo, jumla mililita 2 hadi 3, kisha pasheni tena ndani ya kabati la kufyonza gesi. Ukiwa wa moto utafurika na kurusha asidi.

Tatu, shaba, ambayo mchicha unayo kiasili. Inagombania nafasi na bismuthi juu ya kaboni. Ferosianidi ya potasiamu ya 0.1 mM huishika, lakini msiiweke kabla ya kurekebisha pH: asidi kali yenye joto inaweza kuifanya itoe gesi ya sianidi.

Kusogea kwa kilele kwa kawaida ni elektrodi rejea ya fedha, ile ambayo volteji hupimwa kwa kuilinganisha nayo. Kloridi ikiongezeka mara kumi, rejea husogea takriban milivolti 59. Wekeni kloridi ya potasiamu ya 0.01 M kwenye kila mmumunyo, sanifu na sampuli.

Baada ya hapo: bismuthi 0.5 mg/L, sekunde 120 kwa −1.2 V mkikoroga, sekunde 10 za utulivu, kusoma mkipandisha volteji hadi −0.3 V, halafu safisheni sekunde 30 kwa +0.3 V.

Msisome jibu kwenye mchoro wa mmumunyo sanifu. Ongezeni risasi ndani ya sampuli yenyewe mara tatu, kila mara mikrolita 100 za mmumunyo wa 1 mg/L, yaani takriban 10 µg/L kwa kila nyongeza. Kwa vipimo vyenu, 12 µg/L kwenye seli (chombo cha kupimia) ni sawa na 0.3 mg/kg ya mchicha, kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha risasi kwa mboga za majani. Na kila kundi liende na sampuli tupu, isiyo na mchicha, iliyopitia asidi, peroksidi na hidroksidi zilezile.